Meza Isiyotikisika

Jumatatu, 3 Machi

Maji yamenifika shingoni. Profesa ameniita mbele ya wenzangu na kusema mradi wangu una mpaka Ijumaa. Meza ikitulia, nahitimu na wenzangu. Isipotulia, narudia mwaka. Aliyasema hayo kwa upole kabisa, huku akiitafuta miwani aliyokuwa ameivaa. Upole wake ndio unaoniua.

Niandike mambo sawasawa, ili watakaoandika historia ya uhandisi wasihangaike. Mradi wangu ni meza isiyotikisika. Bamba zito la chuma limekaa juu ya springi, na springi zimekaa juu ya miguu. Sakafu itikisike itakavyo, bamba litulie, ili mwanga wa leza ulio juu yake usicheze. Nimebandika pia kifaa cha kupima mtikisiko. Kukiwa na utulivu, kompyuta inachora mstari ulionyooka. Yangu inachora meno ya msumeno. Kila siku! Meno, meno, meno.

Mama amekwisha kuwatangazia ndugu wote, upande wake na upande wa baba, kwamba nahitimu mwaka huu. Kitambaa cha nguo ya mahafali amekwisha kukichagua. Bibi peke yake ndiye mwenye mashaka. Aliuliza kwani seremala wa kawaida hawezi kutengeneza meza isiyotikisika. Nikamweleza habari za leza kwa kirefu. Akasema sawa, lakini kwanza nijaribu kukunja karatasi na kuiweka chini ya mguu mmoja.

Adui nimemjua. Upande wa pili wa chumba chetu yuko mwenzangu tunayemwita Dada Pampu, kwa sababu mradi wake ni pampu ya kunyonya hewa kutoka kwenye chupa kubwa ya kioo. Inanguruma kutwa nzima. Yeye mwenyewe hunisalimia kila asubuhi kwa tabasamu. Mnafiki mkubwa! Pampu lazima iondoke.

Jumanne, 4 Machi

Njama imefaulu. Asubuhi nilimwendea fundi wa maabara, Bwana Funguo, ambaye unamsikia kabla hujamwona. Nikamnong'oneza, kwa huzuni ya kutosha, kwamba nimesikia harufu ya kuungua kwenye pampu ya mwenzangu, na moyo hautulii nikifikiria usalama wake. Bwana Funguo anapenda usalama kuliko chakula. Akaizima papo hapo, akaifunga utepe mwekundu, akaipakia kwenye kigari, huyoo. Ukaguzi, alisema, hauharakishwi.

Nikaketi. Nikawasha kompyuta. Nikajinyoosha. Ukimya mtamu ajabu! Nikatazama grafu.

Meno. Makubwa kuliko ya jana!

Dada Pampu akaingia na kukuta meza yake tupu. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba naye anatakiwa kumwonyesha Profesa kazi yake Jumatatu ijayo, sasa atafanya nini. Nikajitia hamnazo, macho kwenye skrini. Ndipo akavuta kiti chake mpaka kwangu, akasema kwa kuwa hana la kufanya, basi anisaidie mimi. Jamani! Nilitamani ardhi inimeze. Roho iliniuma kwelikweli, mpaka saa ya chakula.

Jumatano, 5 Machi

Si pampu. Ni lifti! Imepakana na ukuta wetu, na kila ikipanda, ukuta unaguna. Mapema kabla watu hawajafika nilibandika tangazo mlangoni pake: LIFTI MBOVU, TUMIA NGAZI. Herufi kubwa, wino mwekundu. Kazi safi.

Ofisi ya Profesa iko ghorofa ya juu kabisa. Hilo lilinipita. Leo alikuwa na wageni, tena goti lake moja bovu. Niliwasikia wakipanda. Profesa alikuwa akiwaeleza, kwa pumzi za kudunduliza, kwamba hapa tunajali sana mazoezi ya mwili. Baadaye akatuma niitwe. Alikuwa ameshika tangazo. Akauliza mbona nyuma yake kuna grafu yenye meno ya msumeno. Nikajibu kwamba grafu za aina hiyo zimezagaa duniani. Akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaniagiza nipandishe maboksi yake ya vitabu kutoka chini hadi juu. Kwa ngazi.

Na kibaya zaidi: lifti ilisimama asubuhi nzima, na meno yalikuwepo asubuhi nzima.

Nilivyorudi nimelowa jasho, Dada Pampu alikuwa na neno. Alisema ameyatazama meno yale vizuri. Yanakuja kwa mwendo mmoja, wa haraka, na hakuna mashine katika jengo hili inayokwenda hivyo. Nikasimama wima. Hakuna mashine! Kama si mashine, basi ni dunia yenyewe! Nimegundua mtikisiko mpya wa ardhi! Nimeupa jina la ukoo wetu. Nikampigia mama. Mama akampigia mjomba. Mjomba akanipigia kuuliza kama wahame.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi yote naandaa hotuba ya uvumbuzi. Habari ya meza kutulia imepitwa na wakati. Meza yangu imeisikia dunia ikizungumza! Nilimsomea Dada Pampu hotuba nzima. Alisikiliza mpaka mwisho, akauma mdomo, akaniomba nitoke nje kidogo.

Nikatoka. Akaniita. Kwenye skrini, mstari ulionyooka! Umenyooka kabisa! Nikaketi niutazame vizuri. Meno.

Nikamwambia waziwazi kwamba anaichezea kompyuta yangu kwa wivu. Akaniambia nitoke tena. Mstari. Niingie, niketi. Meno. Hapo nikaanza kuogopa. Nikamuuliza kama inawezekana ardhi inanitambua.

Akanyoosha kidole chini ya meza. Nikainama.

Mguu wangu wa kulia! Kumbe huwa naukanyagisha kwenye chuma nilichokining'iniza mwenyewe chini ya bamba ili kuliongezea uzito. Na mguu unacheza. Tikitikitikitiki. Wala sina habari! Mguu huuhuu mama alikuwa akinigombeza nao tangu utotoni, kwamba nikikaa mezani mchuzi unamwagika. Nilidhani nimeacha.

Dada Pampu akanieleza taratibu, kama anayemtuliza mgonjwa. Springi zinazuia mtikisiko unaotoka sakafuni. Pampu yake, lifti, watu ngazini, vyote vilizuiwa tangu siku ya kwanza. Lakini mimi nilikuwa nalitikisa bamba lenyewe, juu ya springi. Alisema meza ni nzuri sana. Inaizuia dunia nzima isipokuwa mimi. Kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikacheka, ingawa nilichelewa kuanza.

Akaongeza, akijifuta macho, kwamba tangu Jumanne anajua ni nani aliyesikia harufu ya kuungua. Bwana Funguo hana siri. Anajua, na bado ananisaidia! Sijapata kuona mtu wa namna hii.

Ijumaa, 7 Machi

Dada Pampu alisema jambo ni dogo: Profesa akija, nisimame mbali na meza. Nikaitikia. Lakini nilipofikiri zaidi nikaona mtu aliyesimama mbali na kazi yake anaonekana kama anaikana. Mimi nitaketi, kwa heshima, mbele ya meza yangu. Mguu nikaufunga kwenye mguu wa kiti kwa selotepu pana ile ya kufungia maboksi. Nilizungusha mpaka ikaisha. Mbinu ya kisayansi.

Profesa akaingia. Sasa, ni nani anayebaki ameketi Profesa akiingia? Nikasimama. Kiti nacho kikasimama, kwa muda mfupi. Tulianguka pamoja. Kishindo! Madirisha yalilia. Kabati la Bwana Funguo lilifunguka lenyewe.

Nikiwa pale sakafuni nilijua kwisha habari yangu. Nikamwona mama ameshika kile kitambaa, hajui akifanyie nini. Machozi yalinilengalenga, siandiki uongo. Ndipo nikamsikia Dada Pampu akimwomba Profesa, kwa sauti ndogo, aangalie skrini.

Mstari! Umenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho! Mahali nilipoanguka kuna kidoti tu, kidogo kama ufuta. Profesa akainama karibu mpaka pua iguse kioo. Akasema katika maisha yake yote ya kufundisha hajawahi kuona mwanafunzi akiijaribu kazi yake kwa mwili mzima. Nikajibu, nikiwa bado nimelala, kwamba ndivyo nilivyokusudia.

Nimepita! Nahitimu! Dada Pampu ndiye aliyenikata selotepu, na vinyweleo vya mguu vimeondoka nayo. Nilimpigia mama. Alipiga kelele, akalia, kisha akauliza kama nimekula.

Jumamosi, 8 Machi

Niko maabara peke yangu. Bwana Funguo alinifungulia baada ya kumwambia nimekuja kupanga mezani kwangu.

Pampu ilirudishwa jana, haina kasoro. Lakini Dada Pampu amepoteza karibu wiki nzima kwa ajili yangu, na Jumatatu ni zamu yake mbele ya Profesa. Naye ana mama. Naye anataka kuhitimu. Tulipokuwa tunaagana jana nilimwambia asiwe na wasiwasi, nitamlipa wema wake. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniomba tafadhali sana, kaka yangu, nisiiguse pampu yake. Alirudia kuniomba hadi getini. Unyenyekevu gani huo! Hataki kabisa kunisumbua. Sauti ilikuwa inamtetemeka kwa shukrani.

Mtu mwema kama yule hawezi kuachwa hivihivi. Nimeamua kumshangaza. Ile pampu inanguruma mno, na kinachonguruma kina kitu cha ziada ndani yake. Ni suala la kukitafuta na kukitoa tu. Akija Jumatatu asubuhi ataikuta kimya kabisa.

Imefunguka vizuri mno. Vipande vyote viko sakafuni, nimevipanga kwa ukubwa, vinapendeza. Kuirudishia ni kazi ya baada ya chakula.