Ombi la Mkeka Mmoja Juu ya Mbao za Ami Othman

Chake Chake, Pemba
Novemba, 1959

Kwa Ami yangu mheshimiwa, Othman bin Msellem, Unguja.

Assalaam alaykum. Sakafu ni nzima, alhamdulillahi. Nimeanza na hiyo kwa sababu katika barua zako ndiyo unayoiulizia mwanzo. Sisi wengine pia tu wazima, isipokuwa Bibi anaumwa na goti, na sababu ya goti nitaieleza mahali pake.

Wajua kuwa mimi si msemaji. Ukija hapa mimi hukaa nyuma ya mlango, na ukiniuliza jambo hujibu kwa kichwa. Ndiyo maana nimeona niandike. Mwalimu wetu wa skuli ametufundisha kuwa mlalamikaji mwenye adabu huyapanga malalamiko yake kwa namba, ili mkubwa anayeyasoma asichoke. Nami nayapanga, nikiamini hutochoka.

1. Kuhusu miguu. Ulipoing'oa sakafu ya chokaa ya marehemu Babu kule juu darini, ukaweka mbao za mvule kama ulizoziona nyumbani kwa mkubwa wako wa kazi, ulituachia amri. Isitandikwe mikeka wala majamvi, kwani yataficha mng'aro. Asipande mtu mwenye miguu majimaji. Na mimi, kwa kuwa nina mikono ya taratibu, niwe naisugua kila nitokapo skuli na kuipaka dawa ya kopo. Tumetii. Tatizo, Ami, ni kuwa nyumba hii ina Waislamu. Waislamu hutawadha, na anayetawadha huosha miguu, na miguu ikioshwa huwa na maji. Sijui mkubwa wako amelitatua vipi jambo hili nyumbani kwake. Sisi tumelitatua hivi: Baba akishatawadha hukaa ngazini, akaipepea miguu yake kwa kipepeo cha jikoni kama anayechoma mahindi, mpaka ikauke. Juzi ilipokauka, Alasiri ilikuwa inakaribia kutoka. Lakini mbao hazikupata alama hata moja, na najua habari hiyo itakufurahisha.

2. Kuhusu hitima. Siku ya hitima ya Babu, Maalim Shaame alipanda ngazi mbele ya wenzake, kama anavyostahiki. Nilikuwa nimeipaka sakafu dawa asubuhi ile. Kopo linasema kwa Kiingereza (nimelitafsiri mwenyewe kwa msaada wa kamusi) kwamba sakafu iliyopakwa vizuri mtu huweza kuuona uso wake ndani yake. Ni kweli. Maalim Shaame aliuona wake kwa karibu sana. Alianza kuteleza mlangoni akaja kusimama dirishani, na Bismillahi haijamtoka mdomoni yote. Alipokuwa akiitafuta kofia yake alimwambia Bibi, “Bi Mwatum, mie nimekuja kumuombea marehemu wenu, sikuja kumfuata.” Bibi alikuwa amekimbia kwenda kumuinua, na hapo ndipo goti lilipoumia. Tangu siku hiyo dua tunazisomea uani, baina ya kuku, na Bibi ameapa kuwa hatoweka mguu darini mpaka sakafu ile ifunzwe adabu. Nimemuahidi kuwa nitakuletea ujumbe huo, kwa sababu wewe ndiye mzazi wa sakafu hiyo.

3. Kuhusu dawa. Kopo lilipokwisha, na madukani hapa hakuna jingine, Mama alitoa mafuta yake ya nazi. Mbao ziling'aa kuliko siku zote. Asubuhi tulipoamka tukaiona sakafu inatembea. Walikuwa sisimizi, Ami, kutoka ukuta hadi ukuta, nasi tukasimama ngazini tunawatazama wakipita mahali ambapo sisi haturuhusiwi. Mdogo wangu Jaribu akasema, “Waache dada, hao miguu yao mikavu.” Nikayaondoa mafuta kwa majivu na kumbi la nazi: mguu wa kulia juu ya kumbi, unakwenda mbele na kurudi nyuma, na kitabu cha jiografia mkono wa kushoto. Sasa naweza kukutajia mito mikubwa yote ya Afrika, lakini lazima niwe nimesimama kwa mguu mmoja. Sijui kama msimamizi wa mtihani atakubali.

4. Kuhusu karafuu. Mwaka huu mikarafuu imezaa, na jamaa zetu wa kisiwa cha Kojani wamekuja kutusaidia kuchuma. Wanalala ukumbini chini, na karafuu wakati wa mvua pia zinalala ukumbini chini, na mara nyingine asubuhi ni kazi kujua kipi ni kipi. Wewe umekulia humu, wakumbuka ilivyokuwa. Baada ya Isha watu wote walipanda darini, majamvi yakatandikwa, wakachambua karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, huku wakiimba, madirisha wazi, upepo unapita. Siku hizi tunachambua chini, tumegusana magoti, na hata kuimba hatuimbi kwa sababu ya joto. Shangazi Mwanawema wa Kojani aliuliza, “Huko juu anakaa nani?” Mama akamwambia hakai mtu. “Sasa mbona hatupandi?” Mama akamwambia, “Pamesuguliwa.” Shangazi aliinua macho akatazama boriti, kisha akauliza kwa sauti ya chini aliyezikwa huko ni nani.

Karafuu mbichi zikilundikwa pasipo hewa hupata moto na kuharibika. Hilo laonekana kuwa kweli kwa jamaa wa Kojani vilevile.

5. Kuhusu mimi. Hili nimeliweka nyuma kwa haya, lakini ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mtihani wa kuingia sekondari huko Unguja ni mwezi ujao. Nafasi za wasichana ni chache, na anayeikosa mwaka huu hurudi nyumbani akabaki. Wewe mwenyewe, Ami, ulisema mbele ya Baba kuwa nikipasi utanipokea kwako, na maneno hayo nimeyahifadhi kuliko mito ya Afrika. Basi nieleze nisome wapi. Ukumbini kuna karafuu na Kojani. Jikoni kuna moshi. Nilijaribu chini ya ngazi, mbuzi wa Jaribu akala ukurasa wa sehemu na desimali, na mpaka leo yeye anazijua kuliko mimi. Juu ya kichwa changu kuna chumba kikubwa, kikavu, chenye mwanga na upepo, hakina mtu. Kila siku naruhusiwa kuingia humo kwa ajili ya kukisugua, kisha natoka kinyumenyume nisiache alama.

Tafadhali niruhusu niitetee hoja yangu kielimu. Mwanafunzi ni kiumbe mkavu. Hatoki mafuta wala matope, na si mwenye kutembeatembea. Ukimweka mahali na kitabu chake utamkuta papo hapo. Kitabu hakimwagiki. Nimefikiri sana, na sijapata kusikia, katika nchi yoyote iliyomo kwenye jiografia yetu, sakafu iliyoharibiwa na mtu kusoma.

6. Kuhusu wageni wako wa ofisini, utakaokuja nao mwisho wa mwezi kuitazama sakafu. Nasikia hao hawavui viatu. Sina la kuongeza.

7. Ikiwa hata baada ya haya utaona kuwa haifai mtu kukaa darini, basi mimi ni mtoto mtiifu na nina mapendekezo. La kwanza, mtihani ufanywe na sakafu. Saa zangu zote za kusoma imepewa yenyewe, imesomewa jiografia yote, na kwa utulivu inanishinda hata mimi. Ikipasi uichukue uende nayo Unguja. Mimi nitabaki hapa, nilale mahali pake, mnikanyage. Nadhani sitolazimishwa kung'aa. La pili, jamaa wote tuhamie bandani kwa mbuzi, na nyumba aachiwe mwenyewe, yaani sakafu. Baba atakuwa anakuja kila asubuhi kupiga hodi kwa chini, bila ya kupanda, kuiuliza imeamkaje.

Lakini ikiwa moyo wako utalainika, ombi langu ni dogo. Nipewe ruhusa ya mkeka mmoja, mdogo, upande wa dirisha, mpaka siku ya mtihani. Nitautandika nikisoma na kuukunja nikimaliza. Nitaisugua sakafu kama kawaida, na kama patatokea doa lolote, hata la ukubwa wa mbegu ya papai, basi nitakubali kuwa hoja yangu ilikuwa ya uongo na nitarudi kwa mbuzi.

Nisalimie mke wako Bi Mwanakhamis na watoto. Baba anakusalimu, angeongeza neno kwa mkono wake ila yuko ngazini anakauka. Mama anakusalimu, na Shangazi Mwanawema, na jamaa wote wa Kojani kwa jinsi walivyopangika. Maalim Shaame anakuombea dua njema kutokea uani.

Ni mimi mtoto wako mwenye kukuheshimu,
Kazija binti Bakar

Nyongeza. Ami, naomba uifute namba ya tano, na ile ahadi ya mbegu ya papai.

Barua hii nimeiandikia darini. Nilijilaza kifudifudi upande wa dirisha, kichupa cha wino kando yangu, na kwa kweli mbao zako ni baridi, zinanukia vizuri, na sijapata kuandika kwa raha kama leo. Nilipokuwa naliandika jina langu nikasikia mtu anapanda ngazi, anavuta mguu. Alikuwa Bibi, aliyeapa. Amekuja kuniita nikale. Nikaruka kusimama. Kitabu hakimwagiki, na hilo bado nalishikilia. Wino ndio niliousahau.

Nimejaribu majivu, nimejaribu ndimu, nimejaribu kumbi. Doa lina umbo la Kojani, na bahari yake pembeni.

Bibi alisimama akalitazama. Akasema, “Nenda kaniletee mkeka wangu.” Si ule mdogo niliokuomba, ni ule mkubwa wake, wa harusi yake. Akautandika juu ya Kojani, akaketi katikati na goti lake amelinyoosha, kisha akaita chini kwa sauti niliyokuwa nimeisahau: “Nyie! Leteni hizo karafuu huku kwenye upepo!” Sasa nyumba yote iko huku, majamvi yametandikwa, Baba kapanda na miguu yake ilivyo, na wanaimba. Mimi nimepewa pembe ya mkeka na taa, na kesho nitaanza tena sehemu na desimali.

Sikutaka kukuficha, kwa hivyo nimemsomea Bibi barua yote kabla ya kuifunga. Anasema doa gani, yeye hajaona doa. Anasema yeye yupo hapa hapa mpaka mtihani upite, na kwamba ukija na wageni wako, ukataka kutazama kilichomo chini ya mkeka, umwambie wewe mwenyewe mama yako ainuke.