Mashine Yangu na Hirizi ya Baba Mkwe

Jumanne, 28 Novemba

Mashine ninayo. Inatafuta madini hata chini ya maji. Ikikuta sarafu inalia, ikikuta kizibo cha soda inalia vilevile, ila karatasi ya maelekezo inasema mtu mwenye akili atajua tofauti. Basi sina wasiwasi.

Siku nimeichagua kwa makusudi. Jana, usiku wa sikukuu ya mto, watu wote wa mji wetu wa Nonthaburi wametia sarafu kwenye vikapu vya majani ya mgomba, wamewasha mishumaa, wamemwomba Mama Mto msamaha na kuvisukuma majini. Vikapu huzama, sarafu hubaki. Lakini mimi si mtu wa vijisarafu vya jana. Chini yake kuna vya babu zetu, na chini kabisa kuna vitu vya watu wa kale waliopandia mashua kwenye gati hili la hekalu. Miaka ishirini na sita nimeuza tiketi za kivuko hapa. Kama kuna anayestahili vitu hivyo ni mimi.

Mke wangu Ratri hapendi niingie mtoni. Amenivalisha hirizi ya marehemu baba yake, Buddha mdogo wa udongo. Mzee aliivaa miaka arobaini na hakuna kilichompata ila uzee. Kabla ya kunivalisha akaipima mkononi, akauliza mbona imekuwa nyepesi. Nikasema baraka hazina uzito. Akaniangalia sana, kisha akaenda kupika.

Ukweli nauandika hapa tu. Hirizi ilikuwa ndani ya kikasha cha fedha halisi, na kikasha hicho kipo kwa Thuam, mwenye kibanda cha hirizi sokoni, na mashine imetoka kwake. Tumebadilishana. Hirizi yenyewe sikuigusa, mimi si mwizi. Nimeitia kwenye kikasha cha plastiki na kukipulizia rangi ya fedha. Kopo la rangi limebaki zaidi ya nusu.

Jumatano, 29 Novemba

Nimekaa saa tano nzima majini, maji ya kifua. Nimepata vizibo vya soda, kijiko, kengele ya baiskeli na ufunguo wa mlango wa mtu.

Jirani Bunleua alikuwa papo hapo na mtumbwi wake. Huyu anazama amevaa kofia ya bati aliyoiunga mwenyewe, mkewe Champi anampampia hewa kwa mpira kutoka juu. Hana mashine. Anapapasa tope kwa vidole vya miguu. Kabla ya kushuka huwasha ubani na kumwomba Mama Mto ruhusa, mambo ya kizamani kabisa. Leo ameibuka na sarafu ya kale, nyeusi, akanionyesha bila kuombwa. Akaniuliza mashine yangu inakula wali au inakunywa maji tu. Champi akacheka mpaka pampu ikasimama. Mwenye kisu kikali ndiye atakayekula nyama.

Jioni natoka majini, napapasa shingo. Uzi upo, umekatika. Hirizi haipo.

Nimejifunga taulo shingoni. Ratri akauliza nina nini. Nikasema mafua. Akanichemshia tangawizi. Imenishinda kunywa.

Alhamisi, 30 Novemba

Lazima ipatikane kabla ya Jumapili. Jumapili ni kumbukumbu ya baba mkwe. Watawa watakuja kusoma dua, na hirizi huwekwa kwenye sinia mbele ya picha yake. Shemeji Sawat anakuja pia, kaka yake Ratri, polisi mstaafu. Mtu huyu hata akisalimia utadhani anachukua maelezo.

Nikajiambia, Wichit, tulia. Mashine si unayo? Nikaanzia pale nilipokuwa jana, hatua kwa hatua. Imelia kila mahali. Misumari, nanga, sufuria isiyo na kitako. Mchana nimesimama katikati ya maji, nimeiseti isikie fedha tu, na hapo ndipo nikakumbuka. Fedha ipo kwa Thuam. Nilichopoteza ni udongo ndani ya plastiki. Mashine inaweza kupita juu yake mpaka mwakani isiseme kitu.

Nikabaki nimesimama pale muda mrefu. Watu wa kivuko walinipungia mkono, nikawapungia.

Ijumaa, 1 Desemba

Nimejishusha, nimekwenda kwa Bunleua. Nikasema nimepoteza kitu kidogo cha udongo, si cha maana. Akauliza ukubwa. Nikamwonyesha kwa kidole gumba. Akauliza cha nani. Nikakaza taulo shingoni. Akasema, “Ndugu yangu, usiniambie ni ile ya mzee.” Nilisahau kwamba baba mkwe ndiye aliyemfundisha kuzama.

Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema atatafuta kwa miguu, ila bega la Champi linamuuma, kwa hiyo nipampe mimi. Kazi rahisi, juu chini, juu chini. Mtu wa akili yangu hawezi kupoteza mkono wa pili bure. Mkono mmoja nikashika pampu, mwingine nikaiteremsha mashine ubavuni mwa mtumbwi.

Ikalia. Sijawahi kuisikia ikilia vile. Kitu kikubwa, cha mviringo, tena kinatembea. Nikashika mashine kwa mikono miwili.

Ilikuwa kofia ya Bunleua.

Ameibuka ana rangi ya bilinganya. Alipopata pumzi akaniuliza kwa upole, “Bwana Wichit, hiyo hewa uliyoipumzisha ilikuwa ya nani?” Champi hakuwa na upole. Akaniambia nishuke kwenye mtumbwi wake. Nikasema tupo katikati ya mto. Akasema anaona.

Nimeogelea.

Jumamosi, 2 Desemba

Nimelala vibaya, nimeamka na mpango mzuri. Thuam ana hirizi za udongo tele. Nimeikuta moja, mtawa aliyeibariki ni yuleyule, mkao uleule, rangi ya chai vilevile. Thuam akanikumbusha kwamba hirizi, kwa kuwa ni takatifu, hainunuliwi, hukodiwa. Vizuri, nimeikodi. Maana yake sijamdanganya mtu, nimekodi tu.

Nimeitia kwenye plastiki, nikaipulizia rangi. Taulo nimevua. Ratri akafurahi kuona mafua yameisha.

Jumapili, 3 Desemba

Asubuhi Ratri alifungua kabati la vyombo vya wazazi wake. Akatoa sinia, akalirudisha bakuli la fedha la kumwagia wazee maji mikononi, kwa sababu lile ni la mwaka mpya wetu, Aprili tu. Mimi mwenyewe nikaiweka hirizi kwenye sinia. Watawa wakasoma. Shemeji Sawat akafumba macho. Nikaanza kuamini kwamba nimevuka.

Watawa walipoondoka wakaingia Bunleua na Champi. Bunleua ana kitambaa cheupe mkononi. Hata hakunitazama. Alipiga magoti mbele ya picha ya mzee, kisha akampa Ratri kile kitambaa. Ndani, plastiki imebanduka rangi nusu. Jana kutwa alikuwa mtoni.

Sasa zikawa mbili. Shemeji akauliza ya baba ni ipi. Ratri hakuuliza mtu. Aliitoa ile ya Bunleua kwenye plastiki, akaonyesha goti la Buddha lililomeguka. Alisema alilimega mwenyewe akiwa na miaka mitano, na baba yake hakumpiga. Baba alilifunika kwa kikasha cha fedha ili mama asilione.

Mimi nilipoihamishia kwenye plastiki goti sikuliangalia. Sebule yote ikanigeukia. Nikaeleza, kuanzia kikasha hadi mashine. Shemeji akaanza kusema, Ratri akamnyamazisha kwa mkono. Akaniambia kama ningemwomba, huenda angenipa. Akaanza kukusanya vyombo, na nilipotaka kumsaidia akasema ataweza.

Nimeona aibu. Naiandika hapa ili isipotee.

Jumatatu, 4 Desemba

Nimekuwa mtu mpya. Alfajiri nimekwenda sokoni na mashine. Thuam alikuwa bado hajakiuza kikasha. Akachukua mashine na hirizi ya kukodi, akanirudishia. Mchana Ratri amemvalisha Buddha wake kikasha, akampima mkononi, akajivika mwenyewe. Kisha akanipakulia mchuzi wa samaki, sehemu ya kichwa, ambayo huwa hampi mtu aliyemkasirikia. Nimekula kwa shukrani. Nimeapa moyoni kwamba yamekwisha.

Ila Thuam alinidokeza jambo. Maji yanapungua, na karibu na nguzo ya mwisho ya gati mtu ameona mpini wa upanga wa kale. Mashine iko kwake, imekaa bure. Anaweza kuniazima mpaka mwisho wa mwezi, anataka amana tu, kitu cha fedha. Si kuuza. Kuweka.

Na safari hii hirizi haihusiki kabisa. Kosa langu la kwanza nimeliona na sitalirudia.

Lile bakuli la fedha hutoka kabatini Aprili tu, na Aprili ni mbali. Champi ana la bati la ukubwa uleule. Rangi bado ninayo, karibu nusu kopo.