Mimi Ndiye Niliyemfundisha Ras Ukungu Gitaa

Jumatatu, 3 Machi

Bila mimi, rege katika lugha hii ingekufa kabla haijaota meno. Naandika haya ili vizazi vijavyo visisumbuke kutafuta ushahidi. Ras Ukungu, huyu huyu wa redioni, vidole vile vilipangwa kwenye nyuzi na mimi. Kwa nini sitajwi? Wakubwa hatutajwi.

Albamu yake mpya imetoka Ijumaa. Inaitwa Mvua Haina Mlango. Miaka tisa kimya, halafu nyimbo kumi kwa mpigo! Mtaa mzima hauna habari nyingine. Leo mtangazaji wa kipindi cha alasiri katangaza: mashabiki watume maoni yao kwa ujumbe wa simu. Mwenye maoni bora ataitwa studio Jumamosi, akae meza moja na Ras mwenyewe, amuulize swali moja.

Nilikuwa kwa Kinyozi. Karakana yangu ya makochi na kibanda chake vinatenganishwa na mbao tu. Nikipiga misumari, yeye hukata watu masikio. Ndivyo anavyodai. Basi akasimama na mashine yake mkononi, akasema mbele za wateja kwamba atatuma maoni, na akiitwa hatauliza habari za muziki. Atamuuliza Ras kama anamjua fundi makochi mmoja anayejigamba mwaka wa kumi na saba huu kuwa ndiye mwalimu wake.

Wateja wakaangua kicheko. Mwenye povu kidevuni alicheka mpaka akalimeza.

Mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, ndiye anishoneaye vitambaa vya makochi. Alikuwa mlangoni, kaja kuniita. Hakucheka. Akamwambia Kinyozi kwa adabu zote kwamba amuulize tu, maana mjomba haogopi kitu.

Nikamshika mkono nikamtoa kabla hajaongeza neno.

Jumanne, 4 Machi

Mbinu nimeipata! Niitwe mimi studio. Nikiitwa mimi, swali ni langu, na mimi siwezi kumuuliza mtu kama ananijua.

Albamu sijaisikiliza. Ya nini? Aliyepanda mti haombi kuonjeshwa tunda. Nimesoma majina ya nyimbo kwenye simu ya mpwa wangu, inatosha kwa mtu mwenye sikio la ndani.

Sasa, maoni ya mmoja ni kelele, ya wengi ndiyo hoja. Nimetuma kumi na moja. Moja langu, kumi ya watu niliowatunga: mjane wa makamo, mwanafunzi wa udaktari, askari mstaafu, bibi wa miaka tisini asiyelala bila rege. Wote wameusifu wimbo wa sita, "Tarumbeta za Yeriko", jinsi tarumbeta zinavyolia mpaka ukuta wa moyo unadondoka. Na wote wamemalizia kwamba uchambuzi wa kina zaidi wameusikia kwa fundi makochi fulani, tafadhali aitwe yeye.

Bibi alinitoa jasho. Ilibidi aandike kwa makosa. Ila makosa sikuyatafuta mbali.

Jumatano, 5 Machi

Nimeula wa chuya.

Kipindi kilipoanza nilizima hata nyundo. Mtangazaji akatamka neno "makochi" hewani! Nikavuta kiti. Kisha akaanza kucheka. Akasema kapokea maoni kumi na moja, ya mjane, ya askari, ya bibi, yote kutoka namba moja ya simu, na kwamba nyumba hiyo lazima ina vitanda vingi. Akaongeza kuwa wote hao wamesikia tarumbeta katika wimbo ambao hauna hata filimbi. Ni sauti ya Ras peke yake na ngoma moja, mwanzo hadi mwisho.

Namba moja! Nani angedhani watu wazima wanakaa kuangalia namba?

Kinyozi akagonga mbao kutoka upande wake, akauliza bibi kaamkaje.

Mpwa wangu alikuwa kwenye cherehani. Mguu ukasimama. Akaniuliza polepole kama wimbo wenyewe nimeusikiliza. Nikamjibu kwamba mwalimu husikia hata kile ambacho mwanafunzi alitaka kukipiga akashindwa. Aliniangalia kidogo, akarudi kushona. Mshono wake wa leo umepinda. Mshono wake haupindi.

Alhamisi, 6 Machi

Mbinu ya pili, tena ya kisomi. Mashabiki wakiichafua albamu, Ras atakasirika. Akikasirika hatakuja studio. Asipokuja, haulizwi mtu.

Nikamwendea Fundi Baiskeli, shabiki wa zamani mwenye hasira za zamani. Nikamnong'oneza kwamba Ras kalainika, siku hizi anaimbia maua. Lo! Nilikuwa nimefungua bomba. Alikuwa nayo moyoni tangu Ijumaa: kwamba besi imekonda kama chai ya mgeni asiyetakiwa, kwamba zamani Ras alipoimba hata wenye nyumba za kupanga walitetemeka, sasa anaomba samahani kwa mkewe wimbo mzima. Nikamwambia ayasambaze.

Akayasambaza mpaka kwa Muuza Magazeti, ambaye hakubaliani. Huyo akasema huo wimbo wa samahani ndio bora kuliko yote, kausikia asubuhi, akafunga meza yake akampigia baba yake ambaye hawajasemezana miaka minne. Baba alipokea. Basi atakayeutukana wimbo huo amemtukana baba yake.

Wakakutana wapi? Kwangu! Kila mmoja na watu wake. Wakakaa juu ya kochi la mwalimu mkuu mstaafu, kazi ninayotakiwa kuikabidhi kesho, wanane kwenye nafasi ya watu watatu, wakibishana besi na samahani. Mimi katikati nikawa nakubaliana na anayesema. Fundi Baiskeli akaniuliza niko upande gani. Nikasema wa haki. Muuza Magazeti akasema wote wawili niliwaambia wao ndio wenye haki. Wakasimama kwa pamoja kunikabili, na springi tatu zikasimama pamoja nao, zimetoboa kitambaa.

Jioni mtangazaji kafurahi. Kasema ubishi wa mtaani kwetu umekuwa mkali hata kipindi cha Jumamosi kinaongezwa saa nzima, na Ras amepania kuja.

Ijumaa, 7 Machi

Mwalimu mkuu mstaafu kaja kuchukua kochi. Aliziona springi. Hakupaza sauti. Aliniambia tu kwamba katika miaka yake thelathini ya ualimu wapo wanafunzi aliowakatia tamaa, lakini hakuna aliyekuwa na ndevu. Atarudi Jumatatu.

Saa tisa wakataja mshindi. Kinyozi.

Maoni yake yalikuwa haya tu: kwamba wimbo wa tatu ulipoanza alisimamisha mashine katikati ya kichwa cha mteja, na mteja hakulalamika, wakasikiliza wote wawili mpaka mwisho, nusu kanyolewa nusu hajanyolewa. Basi! Hana bibi wala askari. Nilitaka kucheka, sikuweza. Kibaya zaidi, akilini nilimwona yule mteja na kichwa chake.

Maji yamenifika shingoni, nikaenda kwake. Nikakaa kwenye kiti, nikasema naomba kupunguzwa nywele. Alipoanza upande wa kushoto nikamweleza, kwa kuzunguka, kwamba Ras aliwahi kuugua homa kali ikamla kumbukumbu, kwa hiyo kumuuliza mambo ya zamani ni kumtesa mgonjwa. Kinyozi akazima mashine. Akasema nimwambie ukweli palepale, mimi na yeye, na swali halitaulizwa. Akaniita kaka. Hajawahi kuniita kaka.

Nilifungua mdomo niuseme. Badala yake nikasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Akasema basi zangu keshazikata nusu.

Nikaondoka na nusu hiyo.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwa mkono mzito.

Tulijaa kwenye kibanda cha Kinyozi, mwenyewe keshaenda studio, redio juu ya rafu ya chanuo. Fundi Baiskeli, Muuza Magazeti, wote. Mimi na kofia. Mpwa wangu kasimama karibu na redio, kavaa gauni lake la sikukuu. Sikumuuliza kwa nini.

Ras akaongea. Sauti nzito, ya taratibu, ya mtu asiye na haraka ya kusifiwa. Fundi Baiskeli kasikia maoni yake yakisomwa, yale ya besi kukonda, na Ras akajibu kwamba ni kweli, aliyempigia besi kwa miaka ishirini amefariki, na hakutaka mtu aijaze nafasi ile. Fundi Baiskeli akavua miwani akaifuta.

Ikafika zamu ya Kinyozi. Nikafumba macho. Akauliza wimbo wa tatu aliuandikia wapi.

Basi! Hakuuliza! Nikainuka, nikawatazama wote, nikawaambia mmeona? Kaogopa! Aliyajua majibu! Nilikuwa bado nimesimama hivyo, kidole juu, mtangazaji akasema upo ujumbe mmoja wa dada mmoja. Akausoma. Kwamba mjomba wake aliyemlea anachekwa mtaani wiki nzima. Kwamba yeye ndiye aliyemfundisha Ras gitaa. Kwamba anaomba Ras aseme neno moja tu ili watu wamwache mzee wake.

Namba ilikuwa yake mwenyewe. Yeye hana namba ya uongo.

Ras akamwomba dada huyo radhi. Akasema gitaa alifundishwa na mama yake, jikoni kwao, na mtaani humo hajawahi kuishi. Akasema mjomba anayetetewa hivyo ana bahati kubwa, amsalimie.

Hakuna aliyecheka. Bora wangecheka. Muuza Magazeti alijifanya anatafuta kitu mfukoni. Mpwa wangu akanitazama mara moja, akapita katikati ya watu, akatoka.

Sasa niliandike hapa maana hakuna wa kumwambia. Dada yangu alimpenda sana Ras Ukungu. Tulipomzika, mtoto alikuwa na miaka sita, analia siku ya tatu mfululizo, hali, halali. Redioni ukapigwa wimbo wa Ras alioupenda mama yake. Akalia zaidi. Mimi sijui kubembeleza. Nikamwambia huyo anayeimba ni mwanafunzi wangu, nilimfundisha gitaa, na nitamwambia awe anamwimbia yeye. Akanyamaza. Akaniuliza kweli? Nikasema kweli tupu.

Akala wali sahani mbili. Ungefanyaje wewe?

Jumapili, 9 Machi

Leo karakana imefungwa, ila kochi la mwalimu halingojei. Nimerudisha springi. Mpwa wangu kaja mwenyewe, kashona kitambaa upya. Mkasi wake tu ndio uliokuwa unaongea.

Tulipomaliza akaniambia nikae juu ya kochi nisifungue mdomo. Akaweka simu yake katikati yetu. Albamu nzima, wimbo wa kwanza hadi wa kumi. Akasema siku moja tu tusikilize pamoja, bila hadithi.

Nilikaa. Mbele ya Mungu, nilikaa.

Ilipokwisha akaniuliza kitu kimoja. Kwamba Ras nimewahi hata kumwona? Hata kwa mbali, hata mara moja? Nijibu tu, hatakasirika.

Hapo ndipo akili yangu ilipozinduka. Kumbe mambo yote yako wazi, sisi ndio tulikuwa hatuyaoni! Ras kasema kafundishwa na mama yake. Sawa. Je, mama yake naye alifundishwa na nani? Nikamweleza mpwa wangu kwamba nilikuwa kijana, kulikuwa na mama mmoja aliyependa sana gitaa, nikamwonyesha vidole mara mbili tatu, jina lake silikumbuki, lakini jiko lake nalikumbuka vizuri. Kesho nitamweleza Kinyozi. Ataona haya.

Aliniangalia kama anavyoangalia kitambaa kilichokatwa vibaya: hakitupwi, lakini hakirudi tena kilivyokuwa. Akasema haya, mjomba. Akakunja vipande vilivyobaki. Pale mlangoni akageuka, akaniuliza basi angalau katika nyimbo zote kumi, upi umenigusa.

Nikasema zote, huwezi kuzitenganisha.

Ukweli ni kwamba nilisinzia wimbo wa pili, nikaamshwa na kimya cha mwisho. Rege hunilaza. Mimi, tangu zamani, napenda kwaya.