Mpango wa Kumzuia Keziah Nyumbani

Jumatatu, 5 Agosti

Sina raha. Jana mezani baada ya ibada, kabla hata sijamaliza kupaka siagi kwenye mkate, binti yangu Keziah alitangaza kwamba amepata nafasi chuo cha kaunti. Kusoma kemia. Kuna maabara, alisema, yenye mabomba ya gesi. Ana miaka kumi na sita! Nikamwambia kemia tunayo hapa hapa nyumbani. Akasema kemia ya hapa nyumbani ni siki na magadi kwenye sinki la jikoni, na ameshajua kinachotokea: povu.

Lorna, mke wangu, niliyemtegemea awe upande wangu, aliuliza maabara ina ukubwa gani.

Mwisho tulipatana. Ushirika wetu, yaani sisi wazazi wa kanisani tunaosomesha watoto wenyewe, unakutana Jumanne ya wiki ijayo kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa ili kuchagua mtaala wa watoto wakubwa. Mtaala ukimvutia Keziah, anabaki. Usipomvutia, Jumatatu inayofuata anaanza chuo. "Nitaangalia, Baba," alisema, kwa ile sauti ya kumwahidi mtoto pipi.

Tatizo: mtaala wa wakubwa umekuwa mikononi mwa Dada Marcella Pruett tangu enzi na enzi. Kilatini, kumcha Mungu, kisha Kilatini tena. Keziah ameuonja mwaka mmoja na ndiyo maana anataka mabomba ya gesi. Suluhisho: mimi. Nimempigia simu Mchungaji Hollis kumwarifu kwamba naleta mpango mshindani. Akauliza kiyoyozi cha ukumbini nitakitengeneza lini. Mimi ni fundi wa viyoyozi, na watu hawaniachi nifikiri.

Jumatano, 7 Agosti

Meza ya kulia imejaa. Elimu ya kale ina ngazi tatu: sarufi kwa wadogo, mantiki kwa wa kati, balagha, yaani ufundi wa kushawishi kwa maneno, kwa wakubwa, na Maandiko juu ya zote. Hapo nimeelewa. Baada ya hapo mambo yanakuwa mengi. Nimebandika karatasi ukutani kwa utepe wa bluu wa wapaka rangi. Asubuhi Kilatini, mchana Kiyunani, Ijumaa Kiebrania. Lorna aliuliza nani atafundisha hizo lugha. Nikamjibu kwamba tuko kwenye hatua ya maono. Tumekula chakula cha jioni tumesimama.

Leo nilienda kupeleleza. Nilimpigia Dada Pruett nikamwambia nakagua viyoyozi vya wajane bure mwezi huu. Mpango wake ulikuwa umebandikwa kwenye jokofu, hadharani, umeshikwa na sumaku yenye umbo la jogoo. Niliusoma huku nikijifanya nagonga bomba. Aliniona. Alinikalisha, akanimiminia chai baridi ya sukari, akanikatia kipande cha keki, akaniuliza, mwanangu, ungependa nikutolee nakala? Nikasema nilikuwa naangalia jogoo. Mjukuu wake wa miaka saba akanisalimu kwa Kilatini. Nikamjibu, "Amina." Alimtazama bibi yake kwa huruma.

Nimeondoka na nakala. Kitu kimoja hakimo katika mpango wake: mjadala! Walimu wa zamani walikuwa na kanuni nzuri. Mwanafunzi anayetetea hoja huanza kwa kuipinga, kwa moyo wote, mpaka mpinzani wake wa kweli asimame aseme, "Naam, hiyo ndiyo hoja yangu." Akishasema hivyo, mwanafunzi anageuka na kuyabomoa yote aliyoyajenga.

Jumanne nitawaonyesha wazazi mjadala mmoja. Hoja: Mtoto Mkristo husoma vyema zaidi nyumbani kwa wazazi wake. Mtetezi: Keziah. Atasimama mbele ya kanisa zima na kuthibitisha kwa mdomo wake mwenyewe kwamba abaki nyumbani. Atakuwa amejishinda mwenyewe, na mimi sitakuwa nimesema neno. Niliona mpango wote ukiwa mzima ndani ya kichwa changu nikalazimika kuegesha gari pembeni.

Ijumaa, 9 Agosti

Keziah amekubali. Mara moja, bila kunung'unika. Aliuliza tu sehemu ya kupinga ina muda gani. Nikasema chukua muda unaotaka, binti yangu, kadiri mpinzani anavyokuwa na nguvu ndivyo ushindi unavyokuwa mtamu. Akasema asante, akachukua daftari lake, akatoka.

Nilihitaji mtu wa kuwa mpinzani, wa kusimama na kusema ameridhika. Awe mtu salama. Nimemchagua Lorna. Lorna aliuliza, "Na Keziah asipopata jibu?" Nikacheka. Jibu lipo, nimemlea nalo. Lorna hakucheka. Alirudi kuwakamua mbuzi.

Suala la kiyoyozi. Nimekifungua leo: kipuri kidogo tu, kazi ya dakika chache. Nimekitengeneza. Lakini sijakiwasha, na sijamwambia mtu. Dada Pruett ndiye atakayesema kwanza, kwa sababu ya umri. Atasema ndani ya joto la Agosti la hapa Arkansas, kusini mwa Marekani, chini ya ardhi, huku watu wamebanana kwenye viti vya chuma. Nani atasikiliza Kilatini akiwa analowa mgongo? Kisha zamu yangu inafika, nasogea ukutani, nabonyeza. Upepo wa baridi unashuka pamoja na mtaala wangu. Sioni kama ni udanganyifu. Ni balagha.

Jumapili, 11 Agosti

Siwezi kukaa. Ibadani nilisimama wimbo ulipokuwa umekwisha. Mchungaji alihubiri juu ya kuachilia, sijui kwa ajili ya nani.

Keziah anafanya mazoezi kwenye banda la mbuzi. Nilinyemelea, nikaweka sikio kwenye ubao. Akanyamaza. "Baba, nakuona viatu," alisema. Nikasema nilikuja kuangalia maji ya mbuzi. Mbuzi wote walikuwa wamekaa wanamtazama, hata yule mweusi asiyemsikiliza mtu. Wamesikia hotuba nzima. Mimi sijasikia neno.

Jioni nilimkuta anasuka nywele zake huku anasoma, kitabu amekibana kwa goti. Nilimfundisha kusoma mimi, kwenye ngazi za nyuma, akiwa na miaka minne. Alikuwa anaegemea mkono wangu kila akifika neno gumu. Sasa hakuna neno gumu. Nilitaka kumwambia kitu nikamwambia asiharibu macho.

Jumanne, 13 Agosti

Niandike upesi kabla sijaanza kujitetea.

Ukumbi ulikuwa moto kama tanuri. Watu walijipepea kwa zile pepeo za kadibodi ambazo kampuni ya mazishi hugawa bure kanisani. Dada Pruett alisimama. Nilisubiri mateso yake kwa hamu. Akasema, wapendwa, kuna joto, mpango wangu mnaujua, ni ule ule, Mungu awabariki. Akakaa. Walimpigia makofi mpaka pepeo zikaanguka.

Zamu yangu. Nilibonyeza. Baridi ikashuka. Watu walisema "aah" kwa pamoja, nikadhani ni kwa ajili ya utangulizi wangu. Nilieleza ngazi tatu, nikaeleza kanuni ya walimu wa zamani, nikamwita Keziah. Watu walikuwa wameburudika, wametulia, hakuna hata mmoja anayesinzia. Hiyo kazi niliifanya mimi.

Alianza na kupinga. Alisema nyumbani amefundishwa kwamba kweli haiogopi maswali, na anashukuru. Kisha akasema kwamba maswali yake yote, tangu azaliwe, yamejibiwa na watu wanaompenda. Mtu anayekupenda sana, alisema, hakwambii umekosea, anakuongezea chai. Hajawahi kufeli kitu chochote, na si kwa sababu ana akili bali kwa sababu msahihishaji ni baba yake, na baba yake huandika "vizuri sana" kabla hajageuza ukurasa. Watu walicheka. Ni kweli, huwa naandika.

Alisema anataka kukaa mahali ambapo hakuna anayejua jina la mbuzi wake, aulizwe anaamini nini, na aone kama jibu lake litasimama. Maana kama haliwezi kusimama huko, basi hakuwa na imani, alikuwa na wazazi tu.

Dada Pruett alivua miwani akaifuta.

Kwa mujibu wa kanuni niliyoileta mwenyewe, mpinzani alipaswa kusimama. Lorna alisimama. "Naam," alisema. "Hiyo ndiyo hoja yangu." Nikagundua kwamba haigizi.

Nikamwambia Keziah, haya, sasa geuka, jibu. Alinigeukia mimi. "Baba, nimetafuta jibu wiki nzima," alisema. "Nimelitafuta kweli, si kwa kujifanya. Sijalipata. Wewe unalo?"

Ukumbi mzima ulinitazama. Kilichosikika ni kiyoyozi peke yake, kinafanya kazi vizuri kabisa. Nikasema jibu langu ni kwamba nyumba itakuwa kimya. Akasema, taratibu, "Hiyo si hoja, Baba." Najua si hoja. Ukurasa wa makosa ya mantiki niliubandika mimi mwenyewe mlangoni mwa bafu. Lakini ndiyo yote niliyokuwa nayo, na niliitoa mbele ya watu wote. Akaja akanikumbatia pale jukwaani, na sikumbuki nilifanya nini na karatasi zangu.

Kisha wakapiga kura. Mtaala wangu umepita! Mikono yote juu, hata wa Dada Pruett. Baba mmoja alisema kama masomo haya yanaweza kumfanya binti aseme namna ile, yeye anawaleta watoto wake wote watatu. Mchungaji alinipongeza kwa mtaala na kwa kiyoyozi, akauliza kwa nini sikukiwasha mapema.

Jumatano, 14 Agosti

Nimeshinda. Nina wanafunzi sita wa mtaala wa kumbakiza Keziah nyumbani. Keziah si mmoja wao.

Mchana Dada Pruett alikuja na bakuli kubwa la viazi na jibini, limefunikwa kwa karatasi ya alumini, jina lake limebandikwa chini ili lirudi. Hapa kwetu bakuli la namna hiyo hupelekwa kwenye nyumba iliyofiwa. Nikamwambia hakuna aliyekufa. Akasema anajua, mwanangu, lakini kula.

Alikaa. Akaniambia kwamba mjadala ule aliwahi kuwa nao katika mpango wake, zamani, mimi nikiwa bado naendesha baiskeli. Ulikuwa ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Aliutoa. "Ulinimalizia darasa," alisema. Wanawe wanne walisimama mmoja mmoja wakaeleza kwa nini waondoke, kwa ufasaha ambao hajausikia tena. Nikamuuliza kama walirudi. Akasema wanakuja Sikukuu ya Shukrani kila Novemba, na wanabishana naye mpaka keki inaisha, na hizo ndizo siku anazozipenda katika mwaka. Aliniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa.

Nimekula bakuli lote. Keziah alikula nami kidogo. Tulikaa, maana nimeondoa karatasi mezani.

Jumapili, 18 Agosti

Kesho ndiyo kesho. Lorna amemnunulia koti jeupe la maabara na amelipiga pasi. Limening'inizwa mlangoni na kila nikipita nadhani kuna daktari.

Nimetembea kuzunguka boma, nikakagua uzio usio na tatizo. Nina fahari naye mpaka kifua kinauma, na nina hofu, na sijui ipi ni ipi. Nimeomba. Nimemwambia Mungu nimeachilia.

Kisha, nikiwa bado nimepiga magoti, nikakumbuka ile barabara ya kwenda chuoni.

Jumatatu, 19 Agosti

Chuo kiko mjini, dakika arobaini kwa gari. Kwenda na kurudi, kila siku! Hakuna darasa la ushirika lenye saa nyingi kama hizo. Na gari likiwa linatembea, mwanafunzi hawezi kutoka nje kwenda kwa mbuzi.

Kuna kikwazo kimoja: Keziah ana leseni. Kwa hiyo ufunguo wa pili wa gari uko chini ya sanduku langu la vifaa, mahali ambapo umepotea. Lorna anauliza kama nimeuona. Nimemsaidia kuutafuta.

Asubuhi nilimpeleka mwenyewe. Njia nzima alitazama dirishani, mikono juu ya koti lake. Tulipofika alishuka, akaenda, akarudi mbio. Nilidhani amebadili mawazo. Alinibusu shavuni na kuchukua chakula alichokisahau. Niliegesha pale mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimepotea.

Lakini nilipokuwa nimeegesha, nilikamilisha mpango. Mtaala wa Barabarani. Kilatini mpaka kituo cha mafuta, Maandiko mpaka daraja la mto, na kutoka hapo mjadala. Hoja ya kwanza ni kesho: Binti husafiri vyema zaidi akipelekwa na baba yake. Keziah ndiye mtetezi. Kwa kuwa kanuni ni kanuni, ataanza kwa kuipinga, na nimemwambia asinionee huruma.

Alikubali mara moja. Nilihitaji mpinzani, na nimemwomba Lorna aje akae kiti cha nyuma. Yeye pia alikubali mara moja. Sioni ni wapi panaweza kuharibika.