Dawa ya Mtoto

Jumatatu, 3 Machi

Nisamehe, daftari. Dada alinipa wewe mtoto akiwa mchanga, akaniambia niandike kila siku. Leo mtoto ana meno na anauma. Tuyaache.

Habari ni hii. Viwanda vitatu vya nguo vya mtaa huu vimekubaliana kutumia dawa zisizodhuru watu wala maji. Bosi wetu na bosi wa ng'ambo ya barabara hawasalimiani tangu yule atuibie fundi wa kukata. Leo nimepita na ndoo yangu nikawakuta meza moja, na bosi wa kiwanda cha tatu, cha jinzi, katikati, wanaambiana siri za madoa. Huyu anasema, mwenzake anaandika. Nilisimama mlangoni kama nimeona simba wakigawana nyasi.

Mimi ni wa meza ya madoa. Tunatoa mafuta ya cherehani kwenye mashati. Dawa yetu tunaiita Kali. Inagonga kichwa, inachubua vidole, lakini doa linakimbia. Sasa Kali inaondolewa, inakuja nyingine. Tumeshaipa jina: Mpole.

Ijumaa kuna shindano la kutoa madoa mbele ya mabosi wote. Atakayeshinda kwa kutumia Mpole atawafundisha wenzake wa viwanda vyote vitatu, tena zamu ya mchana tu. Mchana tu! Mimi ni wa usiku. Juzi mtoto aliamka akaniona, akanishangaa kama mgeni, akamlilia bibi yake, mama mkwe wangu. Nafasi hiyo ni yangu.

Jumanne, 4 Machi

Mpole nimeijaribu. Nimepaka, nimesugua, doa limebaki linanitazama. Mama Pasi, wa meza ya kupiga pasi, naye anaitaka zamu ya mchana. Akauliza kwa sauti eti shoga, unalitoa au unalibembeleza? Chumba kizima kikacheka.

Mtaalamu aliyeletwa na mabosi akaeleza kwamba Mpole haitaki haraka. Sijui uiache, sijui usubiri. Sikumsikiliza vizuri, nilikuwa napanga.

Kesho wanakusanya Kali yote. Yote, kasoro chupa moja.

Jumatano, 5 Machi

Nimefaulu. Kali nimeimimina kwenye chupa tupu, nikabandika karatasi: DAWA YA MTOTO. Si uongo mtupu. Kiwandani kila kitu ni dawa: dawa ya doa, dawa ya rangi, dawa ya kulainisha. Na hii naificha kwa ajili ya mtoto.

Askari wa getini alifungua mkoba, akasoma, akaniuliza ni kifua? Nikasema ni kifua. Akasema pole mama, Mungu atamponya. Aibu ilinisindikiza mpaka kona ya kwanza.

Nyumbani nimeiweka juu ya kabati, mtoto hafiki hata apande kiti. Ijumaa itarudi nami kazini, na kwenye shati itajifanya Mpole. Nimejisifu sana.

Ijumaa, 7 Machi



Asubuhi nilichelewa. Nikapapasa juu ya kabati, dawa zote za nyumbani zinapokaa, nikakamata chupa, nikatia mkobani, nikakimbia. Shindano likaanza. Mabosi watatu wamejipanga, wa meza za madoa kutoka kila kiwanda wamesimama, Mama Pasi amekunja mikono ya blauzi. Nikapaka Mpole kidogo ya kuonyesha watu. Nikageuka pembeni, nikafungua chupa yangu, nikanusa.

Harufu ya ndizi. Dawa ya kikohozi ya mtoto, yenyewe hasa.

Basi ile nyingine iko nyumbani. Imeandikwa kwa mwandiko wangu mwenyewe. Na mtoto anakohoa, na mama mkwe ana kijiko.

Nilipiga simu, haikupokelewa. Niliacha shati, niliacha meza, niliacha kiatu kimoja. Nilifika getini nikamkuta mama mkwe anashuka kwenye bodaboda, mtoto mgongoni, chupa ameishika mbali kama panya aliyekufa.

Alikuwa ameinusa kabla ya kumimina kijikoni. Mungu amlinde na pua yake.

Hakuningoja niseme. Akaingia nayo mpaka ndani, akawauliza mabosi ni daktari gani anayempa mjukuu wake kitu kinachonuka kama gereji. Bosi wa jinzi akanusa, akasema hii ni Kali. Nikajiambia zamu ya mchana imekwenda, na ya usiku pia.

Lakini bosi wa jinzi akakohoa, akamtuma dereva wake kwenye buti ya gari. Akarudi na dumu limeandikwa MAJI YA BETRI. Bosi wa ng'ambo akatazama dari, kisha akatuma mtu kiwandani kwake kuleta ndoo iliyoandikwa UJI. Bosi wetu akainama mwenyewe chini ya sinki. Wote walikuwa wameficha Kali! Wakaviweka mezani, hakuna aliyemcheka mwenzake. Wakakubaliana papo hapo: kila chombo kibebe jina la kilichomo, na kila kiwanda kikague stoo ya mwenzake. Sijawahi kuona wakubwa wakiwa wadogo hivyo, na wakapendeza.

Ndipo nikakumbuka shati. Nikasugua mara moja. Doa likaondoka kama halikuwahi kuzaliwa. Mtaalamu akawaambia watu tazameni, huyu ndiye aliyesubiri. Mama Pasi alikuwa amesugua lake mpaka likatoboka.

Bosi akasema nafasi ni yangu, maana anayejua kuficha anajua pa kutafuta. Mtoto akanishika kidole akakitia mdomoni. Nikakitoa, nikaosha kwanza, nikamrudishia. Hakikuniwasha.

Jumatatu, 10 Machi

Zamu ya mchana. Jioni mtoto amenikimbilia kwa magoti. Nimelia kidogo, nimemkaripia kwa kula sabuni.

Mama mkwe ameniapisha: nisiandike tena jina la uongo kwenye chupa ya mtoto. Nimeapa kwa moyo wote.

Ila Mpole ni nzuri mno, na Mama Pasi anaimwaga kama maji. Lazima mtu aweke akiba nyumbani. Nitamwandikia dada. Bado nahitaji anitumie: chupa mbili zenye vifuniko vinavyokaza, gundi, soksi nzito za mama mkwe, za kumlainisha, sweta ya mtoto, ile imekuwa fupi, kalamu nene nyeusi, na karatasi za kubandika, zile kubwa, maana DAWA YA BIBI YA MIGUU ni maneno mengi.