Madai Kuhusu Ngome Uliyompeleka Iteka

Cabramatta, Sydney

Kwa kaka yangu Olivier,
Ubelgiji

YAH: MWANANGU KUONYESHWA NGOME BILA IDHINI YANGU

Heshima yako, kaka. Iteka amerudi salama kutoka likizo kwako, ila akili yake imebaki kwenye hiyo ngome ya miaka mia saba. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Uliniahidi utampeleka "kwenye ngome ya bwana mkubwa". Mimi niliyelelewa vizuri nikamfungia mtoto kilo mbili za kahawa, na kitenge cha mke wa mwenye nyumba. Kumbe bwana mwenyewe kafa zamani! Kahawa imerudi, na hata pole hatukutoa.

2. Ulilipa kiingilio ili mtoto aone ukuta na lango. Kaka, tulikaa kambi ya wakimbizi Tanzania miaka kumi na minne, hatutoki bila kibali, na wageni wakatupiga picha bure. Ungesema mapema, tungewauzia tiketi.

3. Ajenti wa nyumba tunayopanga alipokuja kukagua, Iteka alimzuia mlangoni mpaka ataje neno la siri, kama askari wa ngome. Ajenti kaandika kwenye fomu yake kwamba tunafuga mlinzi.

4. Hili ndilo limeniuma. Mwongoza wageni wenu alimfundisha kwamba zamani mfungwa wa ngome hakutoka, mkewe ndiye aliyemletea mkate langoni. Basi juzi mtoto kaniuliza kwa Kiingereza chake, kavukavu: kila Jumamosi unavaa vizuri, unabeba biskuti na sabuni, hunichukui. Baba yuko ngome gani?

Yoo, kaka! Miezi kumi na moja nimemwambia baba yake anachimba madini Perth. Nilishamtungia hadi bosi mkali. Huyo mwongoza wageni na tochi yake kanibomolea kazi yote kwa nusu saa! Sasa nimwambie kwamba Melchior, baba yake, yuko hapa Villawood, kwenye kizuizi cha wahamiaji, anasubiri wakubwa waamue visa yake? Naogopa atamdhani baba yake mwizi.

Kwa hiyo nadai mwanangu asionyeshwe tena ukuta wowote wenye historia. Mpeleke kuogelea.

Nisalimie wifi Clarisse, watoto, kwaya yote, na jirani yenu yule anayenuna.

Ni mimi dada yako, niliyekasirika kwa adabu zote,
Anésie

N.B. Futa madai yote. Jana nilimchukua Iteka hadi Villawood. Hakuuliza baba yake kakosa nini. Melchior alimpakata muda wote wa wageni, mtoto wa miaka minane, mzito, hakumshusha hata miguu ilipokufa ganzi. Likizo ijayo mpeleke ngome zote mlizo nazo. Na ukinipigia, usiniulize kwa nini sikumpeleka mapema. Ameshaniuliza yeye.