Msafara wa Injinia Revocatus

Luhende aliliona tangazo akiwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imeshanyolewa, na ile nusu iliyobaki ikaanza kufikiri. Gari la msiba linauzwa, aina ya Noah, nyeupe, mwenye nalo mama mjane, Mirongo. Mtu mwingine angesoma hapo akapita. Luhende alicheka mpaka kinyozi akaondoa mashine.

Tumfahamu kidogo kabla hajatuuzia kitu. Kazi yake ilikuwa kununua. Alishanunua friji Pasiansi, jenereta Igoma na mbuzi wawili Kisesa, na katika manunuzi yote hayo hakuwahi kutoa hata senti. Kitu kimoja tu duniani alikipata kwa jasho lake, pikipiki nyekundu ambayo aliipangusa kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Hata Sabina, mwenzake wa kazi, aliionea wivu.

"Fikiria," alimwambia Sabina siku hiyo. "Gari gani trafiki halisimamishi? La maiti! Wanakupisha, wanavua kofia. Tunalifikisha Shinyanga mchana kweupe, tunalikata vipuri."

"Na huyo mama atakupaje gari bila hela?"

"Naliomba nilijaribu barabarani. Namwachia rehani. Pikipiki na mke."

"Mke yupi?"

"Wewe. Nikishafika mbali unaaga unakwenda kununua maji, unapanda pikipiki, unanifuata."

"Pikipiki ndiyo umeitaja kwanza," alisema Sabina.

Yule mjane, Mama Dorotea, walimkuta kwenye karakana yake ya majeneza, anapiga msasa mfuniko. Luhende alikuwa amevaa koti na viatu vinavyong'aa.

"Shikamoo, mama. Mimi ni Injinia Revocatus, wa miradi ya maji."

"Marahaba, baba. Maji yetu wiki ya pili hayatoki."

"Ndiyo maana natafuta gari, mama."

Gari lilikuwa limeegeshwa kando, limeandikwa ubavuni *Chenge Majeneza, Mirongo*, na namba ya simu. Mama Dorotea alilipigapiga bodi taratibu.

"Nililinunua na marehemu mume wangu," alisema. "Yeye mwenyewe safari yake ya mwisho alilala humu. Sipendi kuliuza, ila bila randa ya umeme karakana inakufa, na mimi sina kingine cha kuuza. Kwa hiyo, baba, usinichezee."

Luhende alimwonea huruma ya kweli kwa dakika nzima. Kisha dakika ikaisha.

"Mke wangu huyu hapa na pikipiki yangu ile pale," alisema. "Nikuachie nini zaidi?"

"Basi nenda mpaka Nyegezi, urudi. Vile vitambaa vya zambarau kwenye vioo usivifungue. Na taa za dharura zinawaka zenyewe, usizihangaikie."

"Sizigusi, mama," alisema Luhende, ambaye angeziomba kama zisingekuwepo.

Nyegezi aliipita kama hajawahi kuisikia. Buhongwa trafiki alisimamisha malori matatu ampishe, akapiga saluti, na Luhende akaitikia kwa kichwa kilichoinama vizuri. Alikuwa anajipongeza alipoona pikipiki mbili nyuma yake, zimefungwa matawi mabichi.

Hili hakulipigia hesabu. Waendesha bodaboda wa huko hawamwachi maiti asafiri peke yake. Dereva mmoja, hakuna ndugu, hakuna hata basi la waombolezaji? Aibu gani hiyo! Kufika Usagara walikuwa thelathini, wanapiga honi. Luhende akaongeza mwendo, wakaona kaburi linasubiri, nao wakaongeza. Akapunguza, wakaona amezidiwa na majonzi. Akasimama akajisaidie kichakani, wawili wakamfuata wakamshika mabega asije akaanguka.

Kiongozi wao, pande la mtu aliyeitwa Mashimba, alimsogelea kofia mkononi. "Pole sana, kaka. Marehemu ni nani?"

Kichwani kwa Luhende lilikuwepo jina moja tu. "Injinia Revocatus."

"Yule wa maji?"

"Huyo huyo."

"Alikuwa mtu mwema," alisema Mashimba, ambaye hakuwahi kumsikia, na machozi ya kweli yakamtoka.

Misungwi akina mama walikuwa wameshapata habari, wakaziba barabara kwa nyimbo. Wakataka kumteremsha marehemu wamwombee. Luhende akasema ufunguo wa nyuma umepotea. Mashimba akavuta mlango, ukafunguka. Ndani palikuwa na tairi la akiba na jeki.

Watu wakasogea, wakachungulia.

"Jamani!" mama mmoja akapiga ukelele. "Wamemsahau maiti!"

Katika watu mia hakuna hata mmoja aliyewaza wizi, na hilo lilimuuma Luhende kuliko kipigo. Aliitwa mwizi mara nyingi maishani, lakini hakuwahi kuitwa mzembe. Mashimba alishapiga ile namba ya ubavuni.

"Mama, gari lako liko Misungwi, marehemu hayumo. Ndiyo, Injinia Revocatus. Dereva? Amevaa koti." Alisikiliza kwa heshima, akakata. "Mama anasema turudi. Marehemu tutamkuta huko huko Mirongo."

Walirudi pikipiki sitini, mbele na nyuma, Luhende katikati. Trafiki wa Buhongwa akapiga saluti tena.

Mama Dorotea alikuwa mlangoni, amenyoosha mkono. Luhende akauweka ufunguo kiganjani mwake.

"Wewe ni wa tatu," alisema mama kwa upole. "Wa kwanza walimrudisha kutoka Magu. Wa pili kutoka Sengerema, na kwaya juu. Namwachia kila mtu ajaribu. Mnunuzi wa kweli anafika Nyegezi anarudi."

"Marehemu yuko wapi?" Mashimba akauliza.

"Si huyo hapo amesimama."

Pikipiki sitini zikazimwa. Luhende akatupa macho pale alipoegesha yake. Palikuwa na tone la oili tu.

"Pikipiki yangu! Sabina yuko wapi?"

"Mjane? Nilimpa habari za msiba. Akalia vizuri tu, majirani wakampa pole, akachukua pikipiki ya marehemu. Ningemzuiaje, mke halali ulimleta mwenyewe! Saa hizi yuko kwenye meli ya kwenda Nansio, kisiwani. Kasema mumewe akifufuka, asimtafute."

Vijana walianza kukunja mikono ya mashati. Mama Dorotea akawazuia. "Marehemu hasemwi vibaya, wala hapigwi."

Wakamvua koti na viatu, wakasema ni vya mafuta ya kwenda na kurudi, wakamwachia. Luhende akashika njia ya Igoma peku, juani, katikati ya magari na mikokoteni. Alilia njia nzima, na hakuna hata mmoja aliyempisha.